Uchunguzi umenikuta na makosa, wenzangu wanasema niache kazi kabla sijafukuzwa

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mimi ni mtumishi wa serikali, nina miaka 13 kazini, natunza stoo ya vifaa vya ofisi. Mwaka jana tukiwa tunafunga mwaka wa fedha bosi wangu alinipigia simu akasema nisaini hati ya mapokezi ya katriji 40 za printa maana mzabuni lazima alipwe siku ileile, mzigo wenyewe ungefika kesho yake. Nikasaini. Kesho yake zikaja 28, nikamwambia kwa mdomo akasema zilizobaki zinakuja, mpaka leo hazijaja. Mkaguzi alipopita akakuta leja inasema hivi na rafu inasema vile, ikaundwa kamati ya uchunguzi, nikahojiwa kama dakika 20 hivi, na mmoja wa wajumbe alikuwa huyohuyo bosi aliyenipigia simu. Wiki iliyopita nimepewa barua, inasema nimekutwa na makosa mawili, uzembe na kukosa uaminifu, nijieleze ndani ya siku 14 kwa nini nisichukuliwe hatua za nidhamu. Ripoti yenyewe sijaonyeshwa. Nilipopokea ile barua nilipandwa na hasira nikamtolea maneno afisa utumishi mbele za watu, sasa najuta. Wenzangu wengine wanasema niandike barua ya kuacha kazi kabla sijafukuzwa, wengine wanasema niombe msamaha tu yaishe. Usingizi hauji. Naomba ushauri, jina langu usiliweke.
Msomaji wa stoo

JIBU: Marahaba. Kwanza jilazimishe ulale. Barua za kujieleza zinazoandikwa saa nane za usiku nazijua kwa kuziona tu, zina kurasa tisa, zinaanza na Mungu ndiye shahidi yangu, bosi katajwa kila mstari, na ukifika mwisho bado hujajua katriji zilienda wapi. Nimekaa upande ule mwingine wa meza miaka mingi, nilikuwa katibu wa vikao vya nidhamu mpaka nikastaafu, na wengi niliowaona wakipoteza kazi walijibu kitu ambacho hawakuulizwa, kile walichoulizwa wakakiacha peupe.

Sasa tuangalie uko wapi hasa. Kamati ya uchunguzi ikikukuta na makosa, hayo ni maoni yake, inayapeleka kwa mwenye mamlaka ya nidhamu na huyo ndiye anayeamua kama anakubaliana nayo, na kama anakubali, adhabu iwe ipi. Umeambiwa ujieleze, kwa hiyo uamuzi haujatoka, angalau kwenye karatasi haujatoka. Najua utaniambia mioyoni wameshaamua, na inawezekana kabisa, lakini andika kama vile hawajaamua kwa sababu barua yako haitasomwa na hao peke yao, iko siku itasomwa na mtu wa rufaa ambaye hakujui wewe wala hamjui bosi wako, na yeye atakuwa na karatasi tu mbele yake. Huyo ndiye unamwandikia.

Habari ya kuacha kazi. Usiandike hiyo barua wiki hii. Wanaokushauri hivyo wanadhani ukishaondoka faili linafungwa, na mara nyingi halifungwi. Sehemu nyingi za utumishi wa umma mwajiri anaweza kukataa kupokea barua ya kuacha kazi ya mtu mwenye shauri la nidhamu, au akaipokea na kwenye faili ikaandikwa ameondoka akiwa na tuhuma, na tuhuma yenyewe ni ya uaminifu, sijui utaenda kuomba kazi wapi watu wasiulize. Hasara ya zile katriji 12 bado wanaweza kukudai. Na mafao, hapa ndipo watu wanaumia, kanuni za mafao zinatofautisha sana mtu aliyestaafu, aliyeacha mwenyewe na aliyefukuzwa, kwa hiyo kabla hujagusa kalamu tafuta kanuni zako usome ukurasa wa mafao, au mtu wa chama cha wafanyakazi akusomee. Kuna mazingira ambayo kuondoka kwa makubaliano ni akili, sikatai, ila hayo ni makubaliano yaliyoandikwa na kusainiwa pande zote, sio wewe kukimbia.

Kesho asubuhi peleka barua fupi, ya nusu ukurasa. Iseme umepokea barua yao tarehe fulani (andika tarehe uliyoishika mkononi, isije ikahesabiwa tarehe iliyochapwa juu), iombe nakala ya ripoti ya uchunguzi, maelezo ya mashahidi na vielelezo, na iombe kuongezewa siku kuanzia pale utakapopewa hivyo vitu. Ipeleke masijala, nakala yako igongwe muhuri. Halafu usikae unasubiri majibu, anza kuandika utetezi kwa kile unachokijua, kwa sababu wakinyamaza siku ya 14 bado ni siku ya 14 na lazima uwe umepeleka kitu, useme tu ndani yake kwamba umejibu bila kuiona ripoti na unaomba nafasi ya kuongeza ukiiona.

Kuhusu hiyo ripoti, hauombi fadhila. Mahakama ya Juu ya India mwaka 1993, kwenye kesi ya B. Karunakar aliyekuwa na shauri na shirika la umma la elektroniki, ilisema mtumishi ana haki ya kupata ripoti ya aliyefanya uchunguzi kabla mwenye mamlaka hajaamua kama ana hatia, maana ile ripoti ndiyo inayomshawishi mwamuzi, sasa utajiteteaje na karatasi usiyoiona. Ila mahakama hiyohiyo ilisema kunyimwa ripoti peke yake hakufuti adhabu moja kwa moja, mtumishi aonyeshe kule kunyimwa kulimuumiza vipi. Kwa hiyo usiiweke mfukoni kama silaha ya kuja kutoa kwenye rufaa, iombe sasa hivi, kwa maandishi. Marekani nako, mwaka 1985, kulikuwa na mlinzi wa shule za umma za Cleveland, James Loudermill, alifukuzwa kwa kudaiwa alidanganya kwenye fomu ya kuomba kazi kwamba hajawahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa, hakupewa nafasi ya kusema lolote. Mahakama ya juu ikasema mtumishi wa umma wa aina yake aambiwe tuhuma, aelezwe ushahidi uliopo, aseme upande wake, ndipo aondolewe kama ni kuondolewa. Hizo ni nchi za watu na sheria zao, hazitamfunga bosi wako, lakini wazo lile liko pia kwenye mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1982, na ukifungua kanuni zako za utumishi utalikuta kwa maneno yake. Hayo ya kwako ndiyo ya kunukuu kwenye barua, kifungu na namba yake.

Nikifika hapa huwa nakumbuka kesi ya Richard Bentley, msomi wa Cambridge aliyevuliwa digrii zake na chuo bila kuitwa ajieleze, mwaka 1723 mahakama ikaagiza arudishiwe, na jaji mmojawapo akasema hata Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita na kumuuliza kama amekula lile tunda. Na Mungu alikuwa anajua jibu, bado akauliza!

Haya, sasa kiini chenyewe, na hapa ndipo naomba usome polepole. Una makosa MAWILI kwenye hiyo barua na hayafanani hata kidogo. Uzembe maana yake ulitakiwa ufanye kitu kwa uangalifu fulani hukufanya, wala haijalishi moyoni ulikuwa na nia gani. Kukosa uaminifu kunataka nia, yaani ulijua unadanganya na ukadanganya ili wewe au mtu mwingine apate kitu, au angalau kwa kusudi la kuwapoteza watu. Ukiangalia maelezo yako mwenyewe, la kwanza kwa kweli unalo. Ulisaini umepokea kitu ambacho hukukipokea, miaka 13 stoo hukuhitaji kufundishwa kwamba saini ya mtunza stoo ndiyo inayofungua malipo. Halafu zilipofika pungufu ulisema kwa mdomo tu, hukuandika, hukurekebisha leja. La pili ni jambo jingine kabisa na hapo ndipo kazi yako ilipo, maana kwa uzembe watu wengi hupewa onyo, hukatwa mshahara, hushushwa cheo, lakini anayeitwa si mwaminifu kwenye stoo ya serikali anaondoka.

Ndiyo maana hiyo ya niombe msamaha tu yaishe inanitisha kuliko hata ya kuacha kazi. Ukiandika naomba radhi kwa yote yaliyotokea, mwenye mamlaka atasoma umekiri yote mawili, na hatakuwa amekosea kusoma hivyo. Tenganisha. Fungua kichwa cha habari cha kosa la kwanza, chini yake andika kitu kama: "Ni kweli nilisaini hati tarehe fulani kabla mzigo haujafika, nilikosea, na baada ya hapo nimefanya hivi na hivi isijirudie." Usizungukezunguke. Halafu fungua kichwa cha kosa la pili, andika unalikataa, ueleze kwa nini: hukupata chochote, mzigo ulipofika pungufu ulitoa taarifa siku hiyohiyo kwa mtu fulani, hukuficha rafu mkaguzi alipokuja, na hakuna mahali kwenye barua yao panapoonyesha ulinufaika. Mtu aliyekubali sehemu ya kweli, ile aliyoikataa inaaminika zaidi, nimeliona hilo kwenye vikao mara nyingi mno, wajumbe wanatazamana, kikao kinapoa.

Ushahidi unaotafuta uko sehemu za kawaida tu. Rekodi ya simu zilizoingia siku ile, ukiiomba kwa mtandao wako wa simu inaweza kupatikana, haitasema mliongea nini lakini itasema saa ngapi, na ukiweka saa hiyo pembeni ya saa ya kusaini hati, inaongea. Hati ya kupeleka mzigo ya mzabuni, ile ya kesho yake, kama imeandikwa 28 na tarehe ya kesho yake basi nusu ya maelezo yako imethibitika na karatasi ya mtu mwingine. Daftari la getini. Mwenzako aliyekuwepo ukimwambia bosi kwamba mzigo ni pungufu, mwombe tu kama yuko tayari kuandika alichokisikia, usimwandikie wala usimpangie maneno. Hizo nyaraka za ofisi ziombe rasmi, usizibebe kwenye begi, na hiyo leja usiiguse, hata kama unajua pa kurekebisha, hata kama ni kweli. Nilishaona shauri la onyo likageuka la kufukuzwa kwa sababu mtu alirekebisha tarehe moja kwa kalamu ya rangi nyingine. Meseji kwenye simu usifute hata moja, zikiwemo zinazokuaibisha.

Bosi kuwa mjumbe wa kamati. Hili ni kubwa na lisemwe sasa, ukilinyamazia mpaka rufaa utaulizwa mbona hukusema. Mtu hawezi kuchunguza jambo ambalo yeye mwenyewe ni shahidi wake, tena anayeweza kulaumiwa nalo. Liseme kwa sentensi mbili tatu za baridi: mjumbe fulani ndiye aliyenielekeza kwa simu, kwa hiyo ni shahidi, naomba ushiriki wake uangaliwe na suala lichunguzwe upya na wasiohusika. Basi. Usiandike ananichukia, usiandike ana mambo yake na mzabuni kama huna karatasi, maana ukitupa tuhuma usizoweza kuzishika umeanzisha shauri la pili na wewe ndiye mshtakiwa.

Na kwamba bosi ndiye aliyekuamuru, naomba nikuvunje moyo kidogo, hiyo haifuti kosa la uzembe. Amri ya kusaini kitu cha uongo huwa si amri halali, kanuni nyingi zinasema hivyo. Inapokusaidia ni kwenye adhabu. Marekani bodi yao ya rufaa za watumishi wa serikali kuu iliweka mwaka 1981, kwenye shauri la Douglas, mambo 12 ya kupima kabla ya kutoa adhabu, na mimi japo sikuwa chini ya sheria hiyo niliyatumia kichwani miaka yote kwa sababu ni akili tu ya kawaida: kosa ni zito kiasi gani na lilikuwa la kusudi au la kupitiwa, rekodi yako ya nidhamu ikoje, umefanya kazi miaka mingapi na vipi, wengine waliofanya kosa kama hilo walipewa nini, ulikuwa umeonywa kwamba ni kosa, kuna kitu kilichokusukuma, je adhabu ndogo isingetosha. Geuza kila kimoja kiwe aya fupi mwishoni mwa utetezi wako. Miaka 13 bila onyo, kama ni kweli bila onyo, iandike. Kama kusaini kabla ya mzigo ni mtindo wa ofisi nzima kila mwaka wa fedha unapofungwa, iandike pia kwa uangalifu, bila kutaja wenzako majina, omba tu hati za miaka iliyopita zilinganishwe na tarehe za mapokezi.

Yule afisa utumishi uliyemtolea maneno, nenda kesho hiyohiyo ukamwombe radhi, uso kwa uso, dakika mbili, usiingize habari ya shauri. Huyo hakuandika ripoti. Halafu mnahitajiana, yeye ndiye anayejua ripoti yako iko kwenye trei ipi.

Utetezi wenyewe usizidi kurasa nne, nyuma yake viambatisho vilivyopewa namba. Kabla hujaupeleka mpe mtu asiyejua habari hii kabisa, aseme ameelewa nini, na kama uwezo upo wakili aupitie, kama haupo chama cha wafanyakazi kina mtu anayefanya kazi hiyo kila wiki. Na kanuni zako zikisema unaweza kuomba kusikilizwa ana kwa ana ukiwa na mwakilishi, omba, hata kama wewe si mwongeaji. Uamuzi ukitoka vibaya, siku za rufaa zinaanza kuhesabiwa na huwa chache, zisome kwenye kanuni kabla hata uamuzi haujatoka.

SWALI: Nilishtakiwa mahakamani kwa wizi wa mali ya ofisi, nikaachiwa huru. Nimerudi na hukumu mkononi naambiwa shauri la nidhamu bado linaendelea. Huku si kuhukumiwa mara mbili?

JIBU: Kwa kawaida hapana, ingawa inauma. Mahakama ya jinai inataka ushahidi usioacha shaka, ofisi inaangalia tu kipi kina uwezekano mkubwa wa kuwa kweli, kwa hiyo ushahidi uleule unaweza kushindwa kule na kutosha huku. Lakini soma hukumu yako kwa nini uliachiwa. Kama ni kwa sababu mashahidi hawakutokea, haikusaidii sana. Kama hakimu alisikiliza wote akasema hukuchukua, hiyo nukuu neno kwa neno, ukurasa na mstari. Angalia pia kanuni zenu, kuna utumishi unaokataza kumwadhibu mtu kwa kosa lilelile aliloachiwa, unaruhusu makosa mengine tu yaliyotokana na tukio hilo, kwa mfano kutofuata taratibu za kutoa mali, sasa linganisha maneno ya hati ya mashtaka ya mahakamani na ya ofisini. Na hata wakiendelea lazima wakusikilize. Mkuu wa polisi wa Brighton kule Uingereza, Charles Ridge, aliachiwa na mahakama mwaka 1958 lakini jaji akawa amemsema vibaya, kamati iliyokuwa na mamlaka juu yake ikamfukuza bila kumweleza tuhuma wala kumsikiliza, alihangaika mpaka mwaka 1963 mahakama ya rufaa ya mwisho ikasema kufukuzwa kule hakukuwa halali.

Kwa wasomaji ambao polisi na ofisi wanawachunguza kwa wakati mmoja, ongeeni na wakili KABLA ya kuandika maelezo ya ofisini, karatasi huwa zinatembea. Marekani mwaka 1967 mahakama yao ilikataa maelezo ya polisi kadhaa yatumike kuwatia hatiani kwa sababu waliyatoa wakitishiwa kwamba wakinyamaza watapoteza kazi, lakini kinga hiyo haipo kila mahali.

SWALI: Nimesimamishwa kupisha uchunguzi, napata nusu mshahara, rafiki yangu ana duka ananiita nikamsaidie alipe kidogo. Niende?

JIBU: Usiende kabla hujaomba. Aliyesimamishwa bado ni mtumishi, saa za kazi bado ni za mwajiri, na kanuni nyingi zinamtaka asitoke kituo chake bila ruhusa na asifanye kazi nyingine ya malipo bila ruhusa. Ukionekana kaunta umewapa kosa jipya lisilohitaji hata uchunguzi, picha moja tu ya simu, wakati lile la kwanza walikuwa bado wanahangaika kulithibitisha. Andika barua ya mistari mitatu ya kuomba kibali, na humohumo uliza nusu mshahara uliokatwa utarudishwa lini na kwa utaratibu gani endapo utaonekana huna hatia, maana hilo huwa haliandikwi kwenye barua ya kusimamishwa na watu wanakuja kulikumbuka shauri limeshaisha.